Dira Ukutani, Mito ya Rukiah Uwanjani

Jumatatu, 7 Julai 2025

Dira ya kampuni imefika! Afande Oloya amerudi nayo kutoka semina ya hotelini, siku mbili, chakula bure. Mchoraji ameshaiandika juu ya meza ya mapokezi kwa rangi ya dhahabu: KILA MGENI, NYUMBANI. Imebaki nusu kopo ya rangi. Nimeiweka stoo, nyuma ya vitambaa vya meza.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma haya: kampuni yetu inaitwa Kivuli, iko Nakawa, inakodisha tenti, viti na sufuria kwa harusi na mazishi. Afande ndiye mwenye mali. Aliianzisha alipostaafu upolisi. Mimi, Hamim, ni msimamizi wa viti.

Afande alitupanga mstari kama gwaride, akauonyesha ukuta kwa fimbo. "Hii maneno iko kwa ukuta. Mimi nataka iko kwa uwanja." Kisha akatoa habari yenyewe. Jumamosi hii wazee wa upande wa mwanamume wanakuja kwake Kyebando kuzungumza mahari ya binti yake, Ayaa. Wateja wakubwa wamealikwa kutazama. Hapo ndipo dira itaonekana ikitembea, na atakayeitembeza vizuri ndiye meneja mpya wa utekelezaji.

Na meneja hukalia Kile Kiti! Cha ngozi nyeusi, kina magurudumu, kinazunguka. Kimekaa kitupu tangu meneja wa zamani ahamie Juba. Nimesimamia viti vya plastiki nusu ya maisha yangu, na moyo wangu uko kwenye kimoja tu.

Anselme wa spika alinyoosha mkono kabla Afande hajamaliza. Mkongomani huyu viatu vyake vinang'aa hata msimu wa matope. Sijui anapita wapi. Alisema nyumbani ni muziki. Nami nikanyoosha mkono, nikasema nyumbani ni kukaa. Afande akaamua: Anselme sauti, mimi viti, na tushirikiane kama ndugu. Tumepeana mikono. Yake ilikuwa baridi.

Jumanne, 8 Julai

Siku ya utafiti. Huwezi kumpa mtu nyumbani kama hujui nyumbani ni nini. Na kweli, ni nini? Kila siku nakwenda nyumbani, sijawahi kujiuliza. Jambo la ajabu kabisa.

Nimeuliza watu. Mlinzi wa lango: nyumbani ni pale unapovua viatu. Muuza chapati wa hapo nje: nyumbani ni pale ambapo ukiingia hakuna anayekuuliza umefuata nini. Hiyo imenikaa kichwani! Nimemrudia kununua chapati ya pili ili aiseme tena. Rukiah, mke wangu: nyumbani ni mahali ambapo mtu mzima anauliza maswali ya kitoto wakati maji yanachemka, na bado anapewa chai.

Anselme nilimwuliza kwa hila, nikijifanya nachagua wimbo. Akasema Bukavu. Kisha akageuka, akaangalia dirishani. Nikamwonea huruma ya kweli. Halafu akaniambia nisidhani hajui kwamba naiba mawazo yake. Huruma ikaisha.

Jioni nilikaa sebuleni nikatazama huku na huku. Mito! Sisi Wanubi tunajua kukaa. Rukiah ameshona mito maisha yake yote: myekundu, ya kijani, ya zambarau, mingine ilitoka kwa marehemu mama yake kule Bombo. Ukiegemea hata shida ya kodi unaisahau. Mpango: sofa za maharusi kutoka stoo, na juu yake mito ya Rukiah. Bado sijamwambia. Nitamwambia wakati unaofaa.

Jumatano, 9 Julai

Ayaa alikuja ofisini mwenyewe. Msichana mpole, baba yake kwa macho, mama yake kwa sauti. Akanieleza kwamba Oola, mchumba wake, ni askari polisi na mwezi ujao anahamishiwa Moroto, mbali sana. Mwaka jana wazee wa pande mbili walikutana, wakakosana kuhusu ng'ombe, wakaachana bila hata kula. Wakikosana tena Jumamosi, hajui kama kutakuwa na mara nyingine. Baba yake ana kiburi, na wazee wa Oola wanacho cha kuwatosha majirani. Machozi yalimlengalenga. Nikamwapia kwamba Jumamosi hakuna mgeni atakayeondoka na kinyongo.

Akajaribu kunieleza kitu kuhusu mila yao Waacholi. Akasema mgeni anayefuata msichana si mgeni kama wageni wengine. Nikamwambia najua, mwanangu, najua, ndiyo maana kila mmoja atapata mito miwili. Akafungua mdomo. Simu ikalia, ni fundi wa nguo yake. Akaondoka mbio, akinitazama nyuma mara kwa mara. Nadhani alikuwa anashukuru.

Alhamisi, 10 Julai

Anselme ni mtu hatari. Amerekodi sauti ya mpwa wake wa kike, tamu kama sharubati: "Karibu nyumbani! Uko nyumbani!" Spika zitairudia kila baada ya wimbo. Nilisikiliza nikiwa nimejificha nyuma ya mapipa. Ni nzuri. Inauma kukiri, lakini ni nzuri.

Nimejibu. Bango la kitambaa, upana wa lango zima la Afande: UKO NYUMBANI. Na kandambili mpya za wageni wote, wavue viatu langoni, kwa mujibu wa mlinzi. Na nimepiga marufuku mtu yeyote kusimama langoni na kuuliza wageni wamefuata nini, kwa mujibu wa muuza chapati. Utafiti wangu haupotei bure.

Anselme alipokwenda kula, nikazihamishia spika zake nyuma ya choo. Amezirudisha. Kubwa kuliko zote ameiweka juu ya meza yangu, nimeandika ripoti ya leo nikiwa nimechutama.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala Rukiah alikwenda kwa dada yake. Wakati unaofaa! Lori la kampuni, mito yote, hata ule wa maua wa mama mkwe. Nimemwachia ujumbe mezani: mito imekwenda kazini.

Uwanja wa Afande umependeza mpaka nimejishangaa. Tenti nyeupe, sofa nane, mito inawaka rangi. Alasiri akashuka shangazi Filda, dada mkubwa wa Afande, kutoka Kitgum. Mama mrefu, mkavu, hana haraka. Akazunguka tenti. Akabonyeza mto kwa kidole kimoja. Akaniuliza vitu hivi ni vya nani. Kwa fahari nikasema vya wageni wa Oola. Akauliza tena, polepole, kama anayetaka kuhakikisha masikio yake. Nikarudia.

Akaniuliza kama nimeoa. Nikasema ndiyo. Akauliza nilipokwenda kuomba mke, je, nilipewa mto? Nikakumbuka. Nilikalishwa kwenye kiti chenye mguu mbovu, na mjomba wa Rukiah alinikazia macho mpaka magharibi. Nikacheka, nikasema ndiyo maana leo tunaleta maendeleo. Yeye akasema, "Hm." Nimeihesabu kama kibali.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika yote.

Wageni walifika saa sita, walichelewa. Mzee Okwir mbele, ami yake Oola, msemaji wao, suti ya rangi ya kahawa na tumbo linalotangulia. Nyuma yake wazee, shangazi, na Oola mwenyewe amenyooka kama yuko kwenye ukaguzi. Walipofika langoni wakasimama. Wakasubiri. Niliwaona wanatazamana. Mama mmoja alikuwa ameanza kuinama, ameshika magoti. Nikadhani ni uchovu wa safari! Nikamkimbilia, nikamwinua, nikampa kandambili na maji baridi. Nikawaambia waingie, waingie, hakuna maswali. Spika ikasema, "Karibu nyumbani! Uko nyumbani!"

Mzee Okwir akasoma bango. Akalisoma tena. Akatabasamu polepole, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hamwoni mwenyewe.

Wakakaa. Ah, walivyokaa! Mto mmoja kila kiwiko. Wakanyoosha miguu. Mzee mmoja akalala kabisa na kukoroma. Wateja wakubwa wakaanza kuniuliza bei ya sofa. Nilimwona Anselme akitafuna mdomo, nikahisi Kile Kiti chini yangu.

Ila kulikuwa na kitu kimoja. Baba zake wadogo Ayaa walikuwa wamejifungia sebuleni tangu asubuhi, wamekaa mstari na nyuso za mawe, wakisubiri. Wakasubiri sana. Mwishoni mmoja akachungulia mlangoni. Akarudi ndani. Akachungulia wa pili. Kisha akatoka Afande na fimbo yake, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona wageni hawaji. Nikasema wameshafika, Afande, wako nyumbani.

Hapo ndipo Afande aliponieleza kile ambacho Ayaa alitaka kuniambia Jumatano. Kwao, wanaofuata msichana husimamishwa langoni. Huulizwa wamefuata nini. Hutozwa faini kwa kuchelewa. Kisha hupiga magoti, wazee kwa vijana, wakatembea kwa magoti hadi ndani ya nyumba, wakakaa chini kwenye mkeka. Baada ya hapo ndipo watu huzungumza ng'ombe.

Afande akamwendea mzee Okwir akamwomba, kwa heshima, arudi langoni. Mzee Okwir hakuinuka. Alirekebisha mto. Akauliza, kwa sauti ya kusikika na wateja wote, tangu lini mtu hupiga magoti akiingia nyumbani kwake. Afande akasema tuzungumze basi ng'ombe. Mzee Okwir akasema kwa furaha: ng'ombe gani? Akaonyesha bango. Kama hapa ni nyumbani kwao, basi ng'ombe wao tayari wako nyumbani, na msichana tayari yuko nyumbani. Nani amlipe nani? Na spika ya Anselme, Mungu amsamehe, ikaitikia: "Uko nyumbani!"

Wageni wakacheka. Afande hakucheka. Sijawahi kuuona uso ule, na nimewahi kumpindulia lori. Alisimama amenaswa na maneno yake mwenyewe, mbele ya wateja wake na ndugu zake, na fimbo ikamponyoka. Kisha akasema yamekwisha. Ng'oeni tenti. Ndani ya nyumba nikasikia Ayaa analia. Oola alikuwa amesimama, anamsihi ami yake, lakini mzee akishaonja ushindi haambiliki. Niliogopa. Si kwa ajili ya kiti. Naandika ukweli: kwa muda fulani kiti nilikisahau.

Ndipo akatoka shangazi Filda kwa mlango wa nyuma. Mkononi ana jembe.

Akamwamkia mzee Okwir vizuri sana. Akamwambia amefurahi kusikia kwamba wao si wageni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wao siku zao mbili wamezimaliza kwa mkupuo. "Karibu nyumbani," akasema. "Nyumbani iko kazi." Akamwekea jembe mapajani, juu ya mto wa mama mkwe, na udongo wake. Shimo la taka la nyuma halijachimbwa. Wazee wengine akawagawia sufuria za kuosha, zile kubwa za pilau zenye masizi ya harusi zilizopita, na magunia ya mchele ya kubeba. Shangazi zao akawapa ndizi za kumenya. Soda akaziondoa. Watu wa nyumbani hunywa maji ya mtungi.

Oola hakungoja. Alivua koti, akalichukua jembe kutoka kwa ami yake, akaenda kuchimba. Dirishani kilio kikakoma. Nadhani pazia lilisogea.

Mzee Okwir akasema kijana atatosha. Shangazi Filda akasema nyumbani hakuna wa kutosha, akampa sufuria. Alikwangua. Alikwangua kwa kiburi kwanza, halafu kwa jasho. Masizi yakapanda kwenye suti hadi kwenye kola. Alipoletewa ya pili akaitazama, akamtazama Filda, akasema kwa sauti ndogo kwamba wao, ukweli, wametoka mbali. Filda akasema hasikii. Akasema labda wao ni wageni kidogo. Filda bado hasikii, uzee. Akamwita Anselme alete kipaza sauti.

"Sisi ni wageni!" Kyebando nzima ilisikia. Hata watu wa bodaboda kule barabarani walipiga honi.

Wakarudi langoni, viatu vyao vya awali miguuni. Wakaulizwa wamefuata nini. Wakatozwa faini ya kuchelewa, na ya pili kwa kulala. Kisha wakapiga magoti, mzee Okwir mbele, Oola nyuma yake na udongo hadi viwikoni. Nikaona fursa ya kusaidia. Nikakimbia kutandaza mito njiani, magoti yasiumie! Shangazi Filda aliiondoa mmoja mmoja kwa mguu.

Walizungumza mpaka jioni. Walikubaliana. Ayaa alipotoka, Afande alipangusa macho akasingizia moshi wa kuni. Jiko lilikuwa la gesi.

Nafikiri, kwa jumla, dira imetekelezwa. Mgeni alijisikia nyumbani mpaka akaosha sufuria.

Jumapili, 13 Julai

Rukiah ameiona mito. Mito kumi na minne iko kwenye kamba, mingine ina masizi, mmoja una supu. Ule wa mama yake una alama ya jembe. Hakunigombeza. Alikaa chini nao mapajani akaupangusa udongo kwa kiganja, taratibu, na hiyo iliniumiza kuliko kugombezwa. Nimemwahidi mto mpya. Akaniuliza kama nitamletea na mama mpya pia. Nimelala mkekani.

Jumatatu, 14 Julai

Hukumu. Afande alitupanga mstari. Ukuta wote umepakwa chokaa, na juu yake maneno mapya: ULIZA KWANZA. Meneja mpya wa utekelezaji: shangazi Filda, mpaka wakati wa mavuno. Anselme alipiga makofi ya mtu mwenye homa. Nami nilipiga hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza tulipiga kwa mdundo mmoja.

Filda akaletewa Kile Kiti. Akakikalia. Kikazunguka. Akashuka, akasema kiti kinachogeuka chenyewe hakijui kinamtazama nani, hakifai kwa kazi. Kipelekwe stoo. Mimi pia nimepelekwa stoo, kuosha viti. Tuko pamoja humo ndani, mimi na kiti. Mungu ana njia zake.

Jumatano, 16 Julai

Nimebadilika kabisa! Sasa nauliza kwanza. Jana shangazi Filda alinituma Namuwongo kwa Mama Abalo, mjane, mama mnene mwenye hasira za karibu. Jumamosi anafanya maombi ya kumbukumbu ya mume wake. Nikamwuliza mama, wewe mwenyewe unataka nini? Akashangaa, akasema hajaulizwa swali hilo siku nyingi. Akafikiri. Akasema anataka kiti kimoja kizuri, kivulini, asiinuke siku nzima. Mwaka mzima amekimbia huku na huku, siku hiyo anataka atulie.

Nimerudi nikilifikiria jibu hilo. Kiti kizuri. Asiinuke. Lakini je, atasalimiaje watu wa upande wa pili wa uwanja bila kuinuka? Swali zuri! Utafiti lazima uende ndani. Na mle stoo, mbele ya macho yangu, jibu limekaa lina magurudumu matano.

Nimekipaka rangi ya dhahabu iliyobaki, mikono na mgongo. Kimekuwa kiti cha malkia. Rangi inakauka polepole sababu ya mvua, lakini Jumamosi bado iko mbali. Nimemwomba Rukiah mto wa kuweka juu, amenitazama tu. Basi, hautahitajika. Anselme alichungulia akataka kujua nafanya nini, nikafunika kwa kitambaa cha meza.

Kuhusu magurudumu sikumwuliza Mama Abalo. Nataka ashangae mwenyewe. Uwanja wake nimeupima kwa macho: unateremka kidogo, kutoka kwenye tenti hadi kule relini. Ni vizuri sana, sitahitaji mtu wa kusukuma.